Maisha ya Mubarak Bombay, Mtumwa Aliyeingia Uaskari

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, amtukuzaye amtakaye na kumdhili amtakaye. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, hii ni habari ya maisha ya Mubarak, aliyejulikana kwa jina la Bombay, Myao wa asili, Mwislamu wa dini, mtu wa Unguja kwa makazi. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa bahari, akaachwa huru, akaingia uaskari wa Sultani, kisha akawa kiongozi wa misafara iliyokata bara hii kutoka bahari ya mashariki hata bahari ya magharibi. Alifariki mwaka 1885. Watu wengi wa pwani hulisikia jina lake likitajwa pamoja na majina ya Wazungu aliowatumikia, walakini wachache wajuao alikotoka, na aliyoyaacha nyuma yake siku ile alipotia jina lake katika daftari la askari.

KUTEKWA KWAKE

Mubarak alizaliwa yapata mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, kwenye mipaka ambayo leo ni ya Tanzania na Msumbiji. Jina alilopewa na wazazi wake halikuhifadhiwa. Mama yake alifariki naye angali mchanga sana, akalelewa na baba yake katika kijiji cha wakulima.

Alipokuwa na umri wa miaka kama kumi na miwili, walifika kijijini wafanya biashara wa Kiswahili pamoja na watumwa wao, wamechukua panga na bunduki. Wakakizunguka kijiji, wakadai deni. Deni lenyewe lilikuwa la nguo na shanga walizowakopesha wenyeji zamani, wakati wa njaa na dhiki. Kila nyumba ilikuwa na deni, wala hapana aliyekuwa na cha kulipa. Wanakijiji walijua ya kuwa upinde haushindani na bunduki, wakatafuta nafasi, kisha wote wakakimbia kwa ghafula. Wengi walikamatwa, na huyu mtoto mmoja wao. Habari za baba yake hakuzipata tena hata siku ya kufa kwake, wala hakujua kama aliuawa au alisalimika.

Waliokamatwa walifungwa kwa minyororo na kamba, wakapelekwa kwa miguu hata Kilwa, wakapakiwa majahazini, wakashushwa Unguja. Pale sokoni mtoto yule alinunuliwa na mfanya biashara wa Kiarabu, akachukuliwa hata Bara Hindi.

Na amtazame msomaji jambo hili kwa jicho la sharia, wala si kwa jicho la mazoea. Mwenyezi Mungu ameamuru katika Kitabu chake kwamba mwenye deni aliye katika dhiki apewe muhula mpaka afarijike, na kumsamehe ni bora zaidi. Wala hapana mwanachuoni yeyote wa madhehebu ya Shafii aliyehalalisha kumfanya mtu mtumwa kwa sababu ya deni la nguo, seuze mtoto asiyekopa kitu. Waliofanya hayo walikuwa na majina ya Kiislamu, wakaswali katika misikiti ya mwambao. Dini haikuwafundisha walilolifanya. Walifundishwa na tamaa, nao wameyatanguliza waliyoyatenda mbele ya Hakimu asiyepokea rushwa.

BARA HINDI

Watu weusi waliovushwa kwenda Bara Hindi huitwa huko Sidi, na wamo hata leo katika Gujarati na Sindi na pwani za Dekani. Wengine walipanda vyeo vikubwa kwa njia ya upanga. Mashuhuri wao ni Malik Ambar, mtoto wa Kihabeshi aliyeuzwa mkono kwa mkono hata akafika Dekani, akawa askari, akawa jemadari, kisha akawa ndiye mwenye kuuendesha ufalme wa Ahmadnagar hata alipofariki mwaka 1626.

Mubarak hakupata makuu hayo. Alimtumikia bwana wake miaka mingi, akajifunza Kihindustani, na kutokana na mji wa Bombay akapata jina lililomganda maisha yake yote. Bwana wake alipofariki, Mubarak aliachwa huru. Kumwacha mtumwa huru ni katika amali zilizo kubwa thawabu zake. Sharia imeiweka kuwa kafara ya makosa mengi, na sahaba wengi wa Mtume walitumia mali zao kwa jambo hilo.

Sasa alikuwa mtu mzima, huru, wala hana baba wala mama, hana kijiji wala shamba. Njia ya kurudi Uyao ilikuwa ndiyo njia ile ile ya wateka watu, na aliyeipita akiwa peke yake, bila jamaa wa kumtetea, alikuwa hatarini kutiwa minyororo mara ya pili. Akapanda chombo, akarejea Unguja.

KUINGIA UASKARI

Zama hizo alikuwa akitawala Seyyid Said bin Sultan. Askari wake wa kulinda ngome za mwambao walikuwa zaidi ni Wabulushi, watu wa Makrani, na pamoja nao Waarabu na watu wa namna nyingine waliotafuta riziki. Mubarak akaandikwa askari, akapelekwa Chongwe, kituo kilicho kando ya mto Pangani, karibu na kilima cha Tongwe, kulinda njia ya kwenda Usambara.

Hapana budi kueleza kwa nini mtu kama yule aliuchagua uaskari. Katika miji ya pwani ya siku zile mtu aliulizwa kwanza ukoo wake: mwana wa nani, wa mtaa gani, nani mdhamini wake. Aliyeachwa huru hakuwa na jibu isipokuwa kulitaja jina la bwana wake wa zamani, na kila alipolitaja aliukumbusha utumwa wake. Daftari la jemadari lilikuwa na swali jingine. Lilitaka mtu awezaye kuchukua bunduki na kusimama zamu. Huko mtu alipewa silaha iliyokuwa mkononi mwa wale waliomteka, naye akawa na haki ya kusimama mlangoni na kuwauliza wengine watokako. Jambo hili si dogo kwa mtu ambaye utoto wake uliishia kwenye mnyororo.

Walakini asidhani msomaji kwamba uaskari ule ulikuwa raha. Mubarak mwenyewe baadaye alisimulia kwamba siku zake za Chongwe zilipita katika uvivu na nusu ya njaa. Mshahara ulikuwa mdogo, kazi haba, na askari walikopa madukani ili wale. Hivyo yule aliyetekwa kwa sababu ya deni la wazee wake, sasa akajikuta amefungwa na deni lake mwenyewe. Alikuwa amekwisha kutoka katika utumwa, lakini kuishi maisha ya mtu huru kulikuwa bado.

MFANO KATIKA WATU WA MWANZO

Habari ya mtoto aliyetekwa kisha akawa askari si ngeni katika Uislamu. Zaid bin Haritha alitekwa akiwa mtoto na wapanda farasi waliowashambulia jamaa za mama yake. Akauzwa katika soko la Ukadhi, akanunuliwa kwa ajili ya Bibi Khadija, naye akamtoa kwa mumewe, Mtume wetu, kabla ya utume. Baba yake Zaid alimtafuta kwa machozi hata akampata Makka, akataka kumkomboa. Mtume akampa Zaid hiari ya kwenda au kukaa, naye akachagua kukaa, akaachwa huru. Baadaye Zaid akawa amiri wa majeshi, na masharifu wa Kikureshi wakaenda chini ya bendera yake. Alikufa shahidi katika vita vya Muta, mwaka wa 8 wa Hijra.

Katika vita hivyo hivyo, bendera baada ya kuanguka kwa Zaid, na Jaafar bin Abi Talib, na Abdallah bin Rawaha, ilishikwa na Khalid bin Walid. Khalid naye alikuwa na yake ya nyuma, kwani siku ya Uhud aliwapiga Waislamu kutoka kwa mgongo, wakafa watu wema. Miezi michache tu kabla ya Muta alikuwa ameingia katika dini. Basi katika safu moja walikuwamo aliyedhulumiwa utotoni na aliyedhulumu ukubwani, kila mmoja ameyaacha ya kwake nyuma, na bendera ikatoka mkononi mwa huyu ikaishia mkononi mwa yule.

Tofauti ya Zaid na Mubarak ni kubwa. Zaid baba yake alimtafuta akamwona. Mubarak hakutafutwa na mtu. Zaid aliangukia mkononi mwa mbora wa viumbe. Mubarak aliangukia mikononi mwa wafanya biashara. Kwa hiyo aliyoyapata Mubarak aliyapata kwa jasho lake na kwa rehema ya Mola wake.

SAFARI ZA KWANZA

Mwanzoni mwa mwaka 1857 walifika Chongwe Waingereza wawili, Burton na Speke, nao walikuwa maofisa wa jeshi la Kihindi. Wakasikia kwamba yupo askari mweusi asemaye Kihindustani, lugha waliyoijua. Wakampenda kwa akili na uaminifu wake, wakamlipia madeni yake, naye akatoka katika zamu ya ngome. Deni lililomtoa kwao na deni lililomshika Chongwe, yote mawili sasa yakawa nyuma yake.

Msafara uliondoka Kaole mwezi wa Juni 1857, ukafika Kaze, ndiyo Tabora, mwezi wa Novemba, na Ujiji mwezi wa Februari 1858. Mwezi wa Machi Speke alivuka ziwa la Tanganyika kwa mtumbwi hata kisiwa cha Kasenge, na Mubarak alikuwa pamoja naye. Mwaka huo huo wawili hao walitoka Tabora wakaenda kaskazini, na mwanzoni mwa Agosti wakaliona ziwa la Nyanza. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili cha kutosha. Kila neno aliloambiwa na wenyeji na Waarabu lilipita katika kinywa cha Mubarak, likageuzwa Kihindustani.

Mwaka 1860 Speke alirudi pamoja na Grant, na Mubarak akawa miongoni mwa wakubwa wa msafara. Walipita Karagwe na Buganda, na mwezi wa Julai 1862 Speke akafika mahali mto Naili utokapo ziwani. Wakashuka hata Gondokoro mwezi wa Februari 1863, kisha Misri. Wale waliovumilia safari yote walikuwa wachache, kwani wengi walitoroka njiani. Kutoka Misri walirudishwa Unguja kwa njia ya bahari, na Jamii ya Kifalme ya Jografia ya London ikampa Mubarak nishani ya fedha.

Mwaka 1871 Stanley, aliyetumwa na gazeti la Marekani kumtafuta Livingstone, alimfanya Mubarak mkubwa wa askari wa msafara wake. Walipofika Tabora waliikuta vita ya Waarabu na Mirambo, mtemi wa Urambo, na njia ya Ujiji imefungwa. Wakaingia vitani pamoja na Waarabu, wakashindwa. Mwezi wa Septemba msafara ukachukua njia ya kuzunguka upande wa kusini, ukapita Ugunda na mto Gombe na nchi ya Wakonongo, nchi zilizo kaskazini ya Ufipa, kisha ukapinda kwenda Ujiji, wakamkuta Livingstone.

NCHI YA UFIPA

Ufipa ni nchi ya juu kati ya maziwa mawili: Tanganyika upande wa magharibi, na Rukwa upande wa mashariki. Miinuko yake inapita futi 5,000, na mahali pengi hufikilia futi 6,000 na zaidi. Ni nchi ya majani na upepo wa baridi, miti yake haba. Wafipa ni wakulima hodari, hupanda ulezi na maharagwe juu ya matuta ya mviringo waliyoyafukia majani ili yaoze na kuirutubisha ardhi. Zamani waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo, zilizopita kimo cha mtu, wakafua majembe.

Nchi ile nayo ilijua masaibu ya kutekwa. Wangoni wa Zwangendaba, waliokimbia vita vya kusini mwa Afrika, waliingia Ufipa katika miaka ya 1840, na Zwangendaba akafia huko yapata mwaka 1848. Watu wake wakagawanyika, wakatawanyika kwa vita katika nchi za jirani. Baada yao zikaja njia za misafara ya pembe na watumwa, naye Tippu Tip alipita pande hizo katika miaka ya 1860.

Mji mkubwa wa Ufipa ni Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa tangu mkoa huo ulipoanzishwa mwaka 1974. Jina la mji huo hufasiriwa na wenyeji kuwa ni amri: tupa uchawi. Maana yake, mgeni aingiaye na autupe nje uwanga wake, kisha ndipo aingie. Hekima ya jina hilo haimpiti Mwislamu, kwani uchawi ni katika madhambi makubwa yaangamizayo. Tena limo fundisho jingine. Mji haukumwambia mgeni arudi alikotoka kwa sababu ya alichokuja nacho. Ulimwambia akitue, aingie. Hivyo ndivyo ilivyo toba. Na katika mafundisho ya Mtume wetu imethubutu kwamba Uislamu huyafuta yaliyotangulia. Hayo aliambiwa Amr bin al-Aas alipokuja kusilimu, naye akiziogopa dhambi zake za zamani.

Katika mwaka 1873 nchi hii ya Ufipa ilipitwa na msafara wa ajabu. Livingstone alikuwa amefariki kusini ya ziwa Bangweulu, na watumishi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili wake, wakaufunga, wakauchukua begani kuupeleka pwani. Wakazunguka ncha ya kusini ya Tanganyika, wakapita Ufipa, wakaendelea hata Tabora. Chuma naye alikuwa Myao, na utotoni mwake alikuwa ametoka katika minyororo ya wateka watu, kama Mubarak.

Huko Tabora, mwezi wa Oktoba 1873, walimkuta Mwingereza Cameron, ambaye mkubwa wa msafara wake alikuwa Mubarak Bombay. Cameron aliona bora maiti azikwe pale pale, kwani njia ilikuwa ya hatari. Wale wachukuzi wakakataa. Walikuwa wameazimia kuifikisha amana kwa wenyewe, nao wakaifikisha Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Mubarak aliyaona hayo: watu wa hali kama yake, wasio na cheo wala ukoo wa kujivunia, wakimshinda ofisa kwa kushika amana tu. Katika nchi ambako mtoto wa watu aliweza kuuzwa kwa mapande ya nguo, hao waliibeba maiti isiyo na faida miezi mingi, wala hawakuitupa.

KUIVUKA BARA

Msafara wa Cameron ulifika Ujiji mwezi wa Februari 1874. Kuanzia Machi hata Mei, Cameron na baadhi ya watu wake walitembea kwa mashua katika sehemu ya kusini ya Tanganyika, wakafuata pwani ya Ufipa penye milima iingiayo majini, wakazunguka, wakauona mto Lukuga, ambao ndio utokapo maji ya ziwa kwenda magharibi. Kisha msafara ukavuka, ukafika Nyangwe mwezi wa Agosti. Kutoka huko ukapita Urua na nchi nyingine nyingi kwa njaa na maradhi, hata mwezi wa Novemba 1875 wakaiona bahari ya magharibi karibu na Benguela. Mubarak alikuwa na umri wa miaka zaidi ya hamsini. Yeye na wenziwe wakarudishwa kwa chombo kwa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakafika Unguja mwaka 1876.

Yalikuwa yamebadilika mengi. Tarehe 5 Juni 1873, wakati Mubarak alipokuwa safarini barani, Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza kusafirisha watumwa kwa bahari. Soko aliloingizwa Mubarak akiwa mtoto wa kufungwa kamba, alirudi akalikuta limefungwa. Utumwa wenyewe haukuondoka siku ile. Katika Unguja uliondolewa na sheria mwaka 1897, na katika Tanganyika mwaka 1922.

Jamii ile ya London ilimpa Mubarak malipo ya uzeeni, akaishi Unguja hata alipofariki mwaka 1885. Mwaka huo huo mwezi wa Agosti, manowari za Kijerumani zilisimama mbele ya jumba la Seyyid Barghash kudai nchi za bara. Njia ambazo Mubarak aliwaonyesha wageni, wageni wengine walizifuata kwa mizinga.

SIFA ZAKE NA AIBU ZAKE

Si uadilifu kumsifu maiti kwa asilokuwa nalo. Wale aliowatumikia waliandika kwamba mara kwa mara alikunywa pombe, na kwamba alikuwa na ugomvi na wakubwa wenziwe. Pombe ni haramu, iwe ya ulezi au ya zabibu, wala uchovu wa safari si udhuru. Watu wa misafara wengi waliangukia katika kosa hilo, na shauri lake li kwa Mola wake, aliye Mwingi wa kusamehe.

Kadhalika liko swali zito zaidi. Mubarak alitoka chini ya bwana mmoja, akaenda chini ya mabwana wengine. Speke alimpiga, na Stanley alimpiga, na wote wawili waliandika hayo wenyewe bila haya. Naye, kwa kuwa mkubwa wa askari, ilimpasa kuwakamata watoro na kuwarudisha mizigoni. Basi je, aliyakimbia ya nyuma, au aliyachukua pamoja naye? Jawabu ni kwamba uaskari haufuti kitu kwa nafsi yake. Nguo ya askari huvaliwa na mwema na mwovu, na bunduki aliyopewa Mubarak ilikuwa ni ya namna ile ile iliyokizunguka kijiji chao. Tofauti hufanywa na moyo wa aichukuaye.

Na moyo wa Mubarak hushuhudiwa na matendo yake. Hakwenda Kilwa kujiunga na wateka watu, ingawa askari wengi wasio na kazi walifanya hivyo, na ingawa aliijua Uyao, nchi yao ya kuteka. Burton, mtu mwepesi wa kuwatia watu aibu, alimhesabu kuwa ndiye johari ya msafara wake kwa ukweli na bidii. Safari ile ya 1860, wenziwe walipotoroka makundi kwa makundi, yeye alibaki mpaka mwisho. Nguo na shanga, bidhaa zile zile ambazo kwa ajili yake aliuzwa, zilipita mikononi mwake kwa mizigo mingi, akazigawa kuwa posho na hongo, na wenye mali wakaendelea kumwamini safari baada ya safari. Aliyenyang'anywa kila kitu utotoni, ukubwani akakabidhiwa mali za watu. Hiyo ndiyo alama ya kwamba dhuluma aliyotendewa haikumfanya dhalimu.

MAZINGATIO

Wako vijana wengi katika pwani yetu na katika miji ya bara, toka Pangani hata Sumbawanga, wenye mambo ya nyuma yanayowalemea. Mmoja ana deni, mwingine amefanya kosa lililovunja jina lake mtaani, na mwingine ukoo wake hudharauliwa. Hutamani kazi ya mbali, au uaskari, wapate kuanza upya. Hakuna ubaya katika hilo. Hijra yenyewe ilikuwa ni kutoka katika mji wa taabu kwenda katika mji wa nusura. Walakini wakumbuke mambo matatu katika habari hii.

La kwanza, aliyedhulumiwa hana aibu. Aibu ni ya aliyedhulumu. Mubarak aliisimulia habari ya kutekwa kwake waziwazi, wala hakujitungia ukoo wa uwongo, ingawa wengi wa zama zake walifanya hivyo.

La pili, mlango wa kambi huacha nje jina la mtu na ukoo wake, lakini hauachi nje tabia yake. Aliye na hasira huingia na hasira, na aliye na amana huingia na amana. Toba na itangulie, kisha safari.

La tatu ni kwa wenye mali. Deni la nguo na shanga, lililotolewa wakati wa njaa na kudaiwa kwa bunduki, lilimtenga mtoto na baba yake milele. Kila amkopeshaye mwenye dhiki na amkumbuke mtoto yule, ampe muhula kama Mola wake alivyoamuru, asije akadaiwa naye siku ambayo hapana nguo wala shanga za kulipia.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mubarak, amsamehe makosa yake, na awakutanishe na jamaa zao wote waliotenganishwa nao kwa dhuluma. Amin.

MWISHO